UZI: Kukagua ubapa na kasoro za uso kiwandani: hatua, namba, na mahali vipimo vinapopotosha

#1 MpimaBapa

Wakuu, habari za kazi.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali la "nipime ubapa kwa kifaa gani?" linaulizwa kila mara, na majibu huruka moja kwa moja kwenye majina ya vifaa. Kifaa si tatizo kubwa. Mara nyingi kipimo kinaharibika kabla kifaa hakijagusa kazi: namna kazi ilivyokalishwa, joto lake, uchafu chini yake, na kutojua mchoro unauliza nini.

Tuanze na mchoro. Alama ya ubapa kwenye ISO 1101 (kiwango cha kimataifa cha toleransi za umbo kwenye michoro), ule msambamba ulioinama, haina herufi ya rejea pembeni yake. Maana yake uso mzima ukae kati ya bapa mbili sambamba zilizoachana kwa umbali ulioandikwa, na bapa hizo zinaruhusiwa kuelekea popote. Uso hauulizwi uko sambamba na nini, unaulizwa kuhusu wenyewe tu. Hapa wengi hupotea. Mtu analaza pleti kwenye meza ya granaiti, anapitisha dayali geji (saa yenye sindano inayoonyesha kupanda na kushuka kwa uso) juu yake, anaandika tofauti ya kubwa na ndogo na kuiita ubapa. Alichopima ni usambamba wa uso wa juu na wa chini, na humo ndani mna tofauti za unene. Pleti iliyo bapa kabisa lakini nene zaidi upande mmoja kwa 0.05 mm itakataliwa bure. Kinyume chake nacho kipo: pleti iliyopinda lakini yenye unene uleule kote, ukiipima kwa maikromita itaonekana safi.

Njia isiyohitaji mitambo mikubwa ni ya jeki tatu. Tuchukue pleti ya chuma ya 300 × 200 × 20 mm, toleransi ya ubapa (kosa linaloruhusiwa) 0.02 mm. Ondoa kwanza mabaki makali ya kingo kwa jiwe la mafuta, futa uso kwa spiriti, na iache pleti ipoe hadi ifanane na meza. Weka jeki tatu ndogo za skrubu juu ya meza ya granaiti, mbili upande mmoja wa urefu na moja katikati ya upande wa pili, kila moja ikiingia ndani kama moja ya tano ya urefu kutoka ukingoni. Laza pleti juu yake. Tatu, kwa sababu pointi tatu hazigombani. Ukiongeza ya nne, ama itabaki inaning'inia au itaipinda pleti.

Weka alama kwenye uso juu ya kila jeki. Leta dayali geji ya mikroni 1 (0.001 mm) kwenye stendi nzito, soma alama ya kwanza, weka sifuri, kisha pandisha na kushusha jeki hadi alama zote tatu zisome sifuri. Zungukia alama hizo mara mbili au tatu, maana ukigusa jeki moja nyingine nazo huhama kidogo. Halafu pima gridi: mistari 5 ya pointi 7, jumla 35, ukianzia kama milimita 5 kutoka ukingoni. Andika kila namba na mahali pake. Ukiandika kubwa na ndogo tu, utakwama baadaye.

#2 Grinda_Taratibu

Asante mkuu, imeeleweka. Swali: nikifuata njia hiyo na tofauti ikaja 0.026 wakati mchoro unataka 0.02, si kazi imekataliwa?

#3 MpimaBapa

Usiikatae bado. Shika jambo hili moja: tofauti ya kubwa na ndogo ukipima kutoka bapa yoyote uliyochagua mwenyewe haiwezi kuwa pungufu ya ubapa halisi wa pointi hizohizo. Kwa hiyo ikija 0.018, imepita, ukiacha kosa la kipimo chenyewe. Ikija 0.026, bado hujui. Huenda bapa yako ya jeki ndiyo iliyokaa vibaya.

Mfano: jeki ya peke yake imekaa chini ya sehemu yenye uvimbe mdogo wa mikroni 6. Wewe umelazimisha kilele cha uvimbe kisome sifuri, kwa hiyo eneo lote la upande ule litasomeka chini kwa mikroni 6 hivi, na kosa hilo linapungua kadiri unavyoelekea jeki mbili za upande wa pili. Uso haukuinama. Rejea yako ndiyo iliyoinama.

Ingiza pointi zote 35 kwenye Excel, safu ya x, ya y na ya z. Tumia LINEST, fomula ya Excel, kupata bapa z = ax + by + c inayopita katikati ya pointi zote, toa thamani ya bapa kwenye kila kipimo, kisha chukua kubwa na ndogo ya mabaki. Ikishuka chini ya 0.02, imepita. Ikibaki juu kidogo, sema 0.021, tumia Solver, zana ya Excel ya kutafuta thamani bora: mwambie abadilishe a na b mpaka tofauti iwe ndogo kabisa. Hiyo ndiyo kanda finyu kuliko zote, na ndiyo inayodaiwa na ISO 1101 ya 2017 kama mchoro haukusema vingine. Ikikataa hata hapo, kataa kazi kwa moyo mweupe.

#4 Toleransi_Finyu

Naongezea kuhusu uzito na joto, kwa sababu mambo haya mawili yanakula toleransi bila kelele.

Uzito kwanza. Pleti ya chuma ya milimita 300 ikishikwa kwenye ncha zake mbili, yenye unene wa mm 20, inalegea katikati kwa mikroni 1.2 hivi. Punguza unene uwe mm 3 na ulegevu unafika mikroni 53, kwa sababu unakua kwa kipeo cha pili unene unapopungua. Ndiyo maana vipande vyembamba havipimwi bila mchoro kusema vishikwe vipi. ISO 10579 ipo kwa ajili ya sehemu zisizo imara kama hizo: mchoro unaeleza kazi ishikwe kwa namna gani na kipi kipimwe ikiwa huru. Kwa kazi ndefu inayokaa kwenye mihimili miwili, weka mihimili kama asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha. Kwa mm 300 ni kama mm 67. Hapo kulegea kwa katikati na kwa ncha kunakaribia kulingana.

Joto sasa. Uso wa juu ukiwa na joto kuliko wa chini, pleti inatoa tumbo. Hesabu yake: kiwango cha kutanuka × tofauti ya digrii × urefu kipeo cha pili, gawa kwa mara nane ya unene. Kwa pleti ya #1, chuma kikitanuka mikroni 11.5 kwa mita kwa kila digrii, tofauti ya digrii 1 tu kati ya juu na chini inatoa mikroni 6.5. Theluthi ya toleransi imeshaondoka! Pleti inayotoka kwenye mashine ya kusaga ikiwa bado na maji ya kupozea upande mmoja inafika hapo bila shida. Meza ya granaiti nayo haina kinga: yenye urefu wa mita 1 na unene wa mm 150, tofauti ya digrii 1 inaipinda kama mikroni 5. Kwa hiyo msiiweke chini ya taa kali, dirishani, wala mahali kiyoyozi kinapopulizia juu yake. Joto la rejea la vipimo vya urefu ni nyuzi 20 za Selsiasi kwa ISO 1, lakini kwa ubapa cha maana zaidi ni joto kuwa sawa kote, hata kama ni 23.

#5 Grinda_Taratibu

Hii ya joto inaeleza mengi. Ila kuna kazi inayotoka kwenye meza ya sumaku ikiwa safi, geji ikisoma mikroni 3 kazi ikiwa bado imeshikwa, na ikiachiwa inasoma 25. Hata ikipoa usiku kucha.

#6 Toleransi_Finyu

Hilo si joto, ni sumaku. Pleti iliingia ikiwa na upinde, sumaku ikaivuta ikanyooka, jiwe likasaga uso ukiwa umevutwa, na ulipoizima pleti ikarudi kwenye umbo lake. Kipimo ulichochukua ikiwa imeshikwa kilikuwa kinaipima meza ya sumaku.

Dawa: laza kazi mezani sumaku ikiwa imezimwa, tafuta mwanya kwa fila geji (vijibati vya unene unaojulikana) pembe zote, jaza mwanya kwa karatasi au shimu (vipande vyembamba vya kujazia) za unene huohuo, kisha washa sumaku kwa nguvu ndogo inayotosha kuzuia kazi isiteleze. Saga kidogokidogo, geuza, saga upande wa pili, geuza tena. Ukimaliza upande mmoja wote ndipo ugeukie wa pili, msongo uliobaki ndani ya chuma utaupinda tena. Na kipimo cha mwisho kichukuliwe kazi ikiwa huru, imeshaondolewa usumaku. Chembe za chuma zilizong'ang'ania chini yake zinatosha kuharibu kila kitu.

#7 BluuNaSkrepa

Wadau, msisahau rula na bluu (rangi ya kuonyesha mahali nyuso mbili zinapogusana). Kwa kazi nyingi za kila siku zinajibu haraka kuliko gridi ya pointi 35.

Rula ya makali ukiisimamisha juu ya uso na taa nyuma yake, jicho linaona mwanga unaopenya kwenye mwanya wa mikroni 2 au 3. Pima urefu, upana, na mishazari yote miwili. Mishazari ndiyo inayofichua msokoto: uso uliojisokota unaweza kuonekana mnyoofu kwa urefu na kwa upana, halafu mshazari mmoja ukawa na tumbo na mwingine bonde. Fila geji inaingia pale ambapo mwanya ni mkubwa, kama kwenye hedi ya silinda, ila kumbuka fila geji inayochomekwa kutoka ukingoni mwa pleti iliyolala mezani haifiki katikati. Bonde la katikati lililozungukwa na ukingo mzima litakupita.

Bluu inahitaji mkono mwepesi. Paka tabaka jembamba kabisa kwenye meza ya rejea kwa rola au kiganja, mpaka rangi ionekane hafifu na granaiti ionekane chini yake. Bluu nene inajaza mabonde na kila uso utaonekana mzuri. Laza kazi taratibu, isogeze sentimita mbili tatu huku na huku bila kuikandamiza, inyanyue wima. Bluu pembezoni tupu maana yake katikati kuna bonde. Bluu katikati tupu, tumbo. Kwa uso wa kukwangua kwa skrepa, watu huhesabu madoa ndani ya mraba wa mm 25 kwa 25. 20 au zaidi, yaliyotawanyika vizuri, ni uso wa rejea.

Kuna jaribio moja la sekunde tano ambalo halitumii hata bluu. Kazi ikiwa juu ya meza safi, sukuma ncha moja kwa kidole pembeni na uangalie inazungukia wapi. Ikizunguka katikati, ina tumbo. Ikizunguka kwenye pointi iliyo kama asilimia 30 kutoka ncha ya pili, imekaa vizuri. Ncha ya pili ikiwa ndiyo egemeo kabisa, kuna bonde na kazi imekalia ncha zake.

#8 Kipimo_Mama

Kaka BluuNaSkrepa, nakubaliana na yote ila tuseme wazi kwamba bluu haitoi namba. Inaonyesha mahali uso unapogusa, haisemi pasipogusa pana kina gani. Mteja akitaka cheti chenye thamani, bluu haitoshi.

Kwa nyuso ndogo zilizong'arishwa, kama nyuso za sili za pampu, geji bloku na vali, tumieni kioo bapa cha optiki na taa ya rangi moja. Taa ya heliamu ina mawimbi ya nanomita 587.6, na kila mstari mweusi unawakilisha nusu yake, yaani mikroni 0.294. Mchoro wa sili ukisema "mistari 3 ya heliamu", unataka ubapa wa kama mikroni 0.88.

Safisha uso na kioo kwa alkoholi na karatasi ya lenzi. Chembe moja ya vumbi inatosha kuinua kioo ukaona mistari mingi myembamba isiyosomeka. Laza kioo, usikiburute. Mburuto unakikwaruza kioo na kazi pia. Acha dakika kadhaa: kioo cha silika kinatanuka mikroni 0.55 tu kwa mita kwa digrii, chuma 11.5, kwa hiyo joto la vidole vyako linapinda kazi zaidi ya kioo. Tazama wima, jicho likiwa mbali angalau mara kumi ya kipenyo cha kioo. Ukitazama kwa mshazari namba zinapungua.

Mistari ikiwa minyoofu, sambamba, na yenye nafasi sawa, uso ni bapa. Ikiwa imepinda, pima kiasi cha pindo la mstari mmoja, gawa kwa nafasi ya kutoka mstari hadi mstari, zidisha kwa 0.294. Nafasi ikiwa mm 10 na pindo mm 5, ni nusu mstari, karibu mikroni 0.15. Kujua kama ni tumbo au bonde, shusha kichwa taratibu huku ukitazama miduara. Ikikimbilia nje, katikati kuna tumbo. Ikiingia ndani, ni bonde.

Uso usioakisi mwanga hautoi mistari. Kazi iliyotoka kwenye lepingi (kusugua kwa unga laini wa kusagia) ikiwa na rangi ya kijivu ing'arishe kidogo sana kwenye karatasi au kitambaa kilichokazwa juu ya bapa ngumu, mizunguko michache tu. Ukizidisha, unakula kingo na kutengeneza tumbo ambalo halikuwepo.

#9 KonaNne

Mbona mnazunguka sana? CMM (mashine inayopima kwa kugusa pointi) inagusa kona nne, inatoa ubapa kwa sekunde 20. Kwenye pleti kama ya #1 inatoa 0.003.

#10 Kipimo_Mama

Kona nne zinakuambia kitu kimoja tu: msokoto. Ukiwa na pointi tatu, jibu ni sifuri daima, hata uso uwe na mashimo. Ya nne ndiyo inayoanza kusema chochote, na tumbo la katikati halijaguswa kabisa. Ile 0.003 ni ya kona, si ya uso.

Gusa angalau gridi ileile ya 35, na weka pointi zaidi karibu na matundu ya boliti, kwenye mbavu na mahali paliposhikwa na klampu wakati wa kukata, kwa sababu huko ndiko chuma hupanda na kushuka. Angalia pia programu imewekwa kwenye hesabu gani. Nyingi huanza na bapa ya wastani, ambayo hutoa namba kubwa kuliko ya kanda finyu au sawa nayo; hazitoi ndogo. Kama mmekataa kazi kwa tofauti ya mikroni 1 au 2, badilisheni hesabu kabla hamjaitupa. Pointi moja iliyoruka juu peke yake kwa mikroni 15 mara nyingi ni vumbi: futa, gusa tena palepale. Usiifute kwenye data bila kurudia kuigusa. Na usiikaze kazi kwa klampu mpaka ikae. Ishike iache tu kuteleza.

#11 KonaNne

Sawa, hoja ya tumbo la katikati nimeipokea. Naongeza pointi. Sasa mbona hakuna anayegusia kasoro? Uso unaweza kuwa bapa na bado una mparuzo au ufa.

#12 JichoKali

Naam, tuingie huko. Ukaguzi wa macho ndio wa kwanza na ndio unaodharauliwa. ISO 17637, ambayo ni ya viungo vya kulehemu, inataka mwanga usiopungua laksi 350 na inapendekeza 500, jicho lisizidi mm 600 kutoka kwenye uso, na pembe ya kutazama isipungue digrii 30. Ni msingi mzuri hata kwa kazi nyingine. Ila mwanga mwingi kutoka juu unaficha mikwaruzo. Kasoro yenye kina inaonekana kwa kivuli chake, kwa hiyo chukua taa ndogo, ilaze karibu iguse uso, na uizungushe kazi polepole digrii 90. Mparuzo uliolala sambamba na miale hauonekani, ukiuzungusha unawaka.

Kwa paneli za bati zilizochapwa kwenye dai (kalibu ya kuchapia), jicho peke yake linachoka. Kuna njia mbili. Ya kwanza, jiwe la mafuta: chukua jiwe bapa refu, kama mm 150, lipitishe juu ya paneli kwa mikupuo mirefu ya mkono mwepesi, kisha vuka kwa mwelekeo mwingine. Palipo juu panang'aa, palipo chini panabaki na rangi yake ya mwanzo. Bonyeo ambalo kidole hakikuligundua linajichora lenyewe, na unaona mpaka wake. Jiwe lililolika katikati litakuchorea mabonde ya uongo, kwa hiyo libapazwe mara kwa mara. Njia hii inaacha alama, kwa hiyo paneli hiyo ni ya sampuli. Ya pili, mafuta: futa paneli kwa mafuta mepesi yanayong'aa, isimamishe chini ya taa ndefu za mistari, na tazama picha ya mistari kwenye paneli. Mstari ukikatika au kuvimba, hapo kuna kasoro. Kamera zinazosoma mistari iliyoakisiwa zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Nyufa ni habari nyingine. Jicho halitegemewi kwa ufa uliofungwa.

#13 Penya_na_Poda

Kwa nyufa zilizofika usoni tumieni kiowevu cha kupenya, mfululizo wa ISO 3452. Safisha mafuta na rangi, kausha vizuri. Paka kiowevu chekundu, kiache kati ya dakika 5 na 60 kufuatana na mtengenezaji na aina ya ufa, uso ukiwa kati ya nyuzi 10 na 50. Futa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kisha kwa kitambaa kilicholowa kidogo kiyeyusho. Usipulizie kiyeyusho moja kwa moja kwenye kazi, kitaingia ndani ya ufa na kuutoa wekundu wote. Kausha, pulizia poda nyeupe tabaka jembamba, anza kutazama mara tu inapokauka na endelea kati ya dakika 10 na 30. Ukichelewa, doa linatawanyika na hujui tena lilianza kama mstari au nukta. Dalili yenye urefu unaozidi mara tatu ya upana wake huhesabiwa kuwa ya mstari, na hizo ndizo za kuogopwa.

Kwa kiowevu kinachong'aa gizani, mwanga wa urujuanimno uwe zaidi ya wati 10 kwa mita ya mraba usoni na mwanga wa kawaida usizidi laksi 20. Vua miwani inayobadilika rangi.

Kosa baya kuliko yote: kupiga kazi mchanga au kuipolishi kabla ya kupima. Chuma laini kinasambaa juu ya mdomo wa ufa na kuufunga, na kiowevu hakipati pa kuingilia. Pima kabla, au isafishe kwa asidi baada ya kupiga mchanga.

Kama chuma kinashika sumaku, chembe za sumaku zina haraka zaidi na zinaona hata kidogo chini ya uso. Ufa unaonekana ukikatiza mkondo wa sumaku, kwa hiyo pima mara mbili, mara ya pili ukigeuza nira (sumaku ya mkono yenye miguu miwili) digrii 90. Nira ya umeme wa AC ijaribiwe kwa kuinua uzito wa kilo 4.5; ikishindwa, usiitumie.

#14 Grinda_Taratibu

Swali dogo: Ra (kipimo cha ulaini wa uso, kwa mikroni) si inaonyesha mparuzo? Mchoro ukisema Ra 0.8 na mashine ikasoma 0.8, uso si uko salama?

#15 Kipimo_Mama

Hapana. Ra ni wastani, na wastani humeza. Kwa Ra kati ya 0.1 na 2, kikato (urefu wa kipande kimoja cha kipimo) cha kawaida ni mm 0.8 na urefu wa tathmini mm 4. Mparuzo mmoja wenye kina cha mikroni 10 na upana wa mm 0.05 ndani ya mm 4 hizo unaongeza Ra kwa chini ya mikroni 0.15. Rz ni wastani wa kimo cha kilele hadi bonde wa vipande vitano, kwa hiyo inapanda kama mikroni 2. Rt ndiyo inayochukua kilele cha juu kabisa na bonde la chini kabisa kwenye urefu wote, hapo mparuzo unaonekana, tena ikiwa sindano imepita juu yake. Ncha ya sindano, kwa kawaida yenye nusu kipenyo cha mikroni 2, inapita kwenye mstari mmoja tu wa uso mzima. Ulaini unapimwa kwa kukatiza alama za kisu, na kasoro zinakaguliwa kando. ISO 8785 imezitenga kabisa na ulaini, na mchoro unaojali kasoro unapaswa kusema ukubwa na idadi inayokubalika.

#16 Pikseli_Moja

Kwa wanaotaka kamera kwenye laini ya uzalishaji, fanyeni hesabu kabla ya kununua. Kasoro ndogo kuliko zote ishike angalau pikseli 3. Bati la upana wa mm 400 na kamera ya mstari ya pikseli 2,048: kila pikseli ni mm 0.195, kasoro ya mm 0.5 inashika pikseli 2.6. Haitoshi. Nenda 4,096, pikseli inakuwa karibu mm 0.098 na kasoro inashika 5. Laini ikikimbia mita 30 kwa dakika, yaani mm 500 kwa sekunde, unahitaji mistari 5,120 kwa sekunde, na muda wa kuchukua mstari mmoja hauwezi kuzidi mikrosekunde 195. Ndani ya muda mfupi hivyo taa ndiyo inayokuangusha, si kamera. Na kamera ifuate enkoda ya rola (kihisi cha mzunguko wake), isifuate saa, la sivyo laini ikipunguza mwendo kasoro za mviringo zinarefuka na programu inaziita mikwaruzo.

Mikwaruzo inataka taa ya pembeni, ambapo uso safi ni mweusi na mkwaruzo unawaka. Madoa na kutu vinataka taa inayoakisi moja kwa moja. Taa moja haifanyi zote mbili vizuri.

Kwa ubapa wa bati lenyewe kuna kipimo cha I: wimbi lenye kimo H na urefu L linatoa (πH ÷ 2L)² × 100,000. Wimbi la mm 5 kwa mm 500 ni kama 24.7 I. Pima bati likiwa limelala huru. Likivutwa kwenye rola mawimbi yanajificha.

#17 Toleransi_Finyu

La mwisho kutoka kwangu: meza ya granaiti yenyewe inakaguliwa lini na vipi? Kila tulichosema kinasimama juu yake.

#18 MpimaBapa

Meza huchakaa pale inapotumika zaidi, kwa kawaida katikati na mbele alipokaa mpimaji. Kwa ukaguzi wa jumla tumia njia ya Moody ya mwaka 1955: mistari minane, pembezoni minne, mishazari miwili, na miwili inayopita katikati. Pima maji ya 0.02 mm kwa mita kwenye kitako cha mm 150 inatoa mikroni 3 kwa kila mgawanyo, inatosha kwa meza ya karakana. Kwa meza ya maabara tumia pima maji ya elektroniki au otokolimeta (kifaa cha mwanga cha kupima pembe ndogo), ambapo sekunde moja ya pembe kwenye kitako cha mm 100 ni mikroni 0.485. Kila kituo kianze pale kilichopita kilipoishia, bila kuruka. Mistari miwili ya katikati inapaswa kukutana na mishazari palepale na kimo kilekile. Isipokutana, kosa hilo la kufunga ndilo kipimo cha uaminifu wa kazi yako, na likizidi ulichokuwa unatafuta, rudia.

Kati ya ukaguzi mkubwa mmoja na mwingine, kagua mashimo ya uchakavu kwa kitako cha pointi tatu chenye mguu wa nne unaogusa geji: kisukume juu ya meza nzima na angalia sindano inacheza kiasi gani. Kinaona mashimo ya mahali, hakioni upinde wa meza nzima, kwa hiyo hakichukui nafasi ya Moody.

Na mkitaka kutengeneza rejea bila kuwa na rejea, njia ni pleti tatu, ile aliyoieleza Joseph Whitworth mwaka 1840. Pleti mbili zinaweza kulingana moja ikiwa na tumbo na nyingine bonde. Ya tatu inazikatalia. A na B, B na C, A na C, mkikwangua kwa bluu kila mzunguko. Ila zungusheni digrii 90 kwenye mizunguko ya baadaye, kwa sababu pleti tatu zilizojisokota zinaweza kulingana zote zikikutanishwa kwa mwelekeo uleule kila mara.